Kumshushia Lamwaka Nyuzi

Kila baada ya miezi, Lamwaka akiingia kuoga, mume wake alitoa ufunguo wa kinubi mfukoni akalegeza nyuzi. Hakulegeza zote siku moja, wala si kwa kiasi cha kumshtua mtu. Alizilegeza kama mtu anavyolegeza mkanda baada ya kushiba, kidogo halafu basi, huku akisikiliza maji yanavyomwagika nyuma ya ukuta ili ajue muda aliobakiwa nao. Maji yakinyamaza, ufunguo ulikuwa umekwisha kurudi mfukoni, na Mushagalusa alikuwa amekaa kitako anajikuna ndevu kama mtu ambaye hajawahi kufanya jambo lolote duniani.

Kazi hiyo alikuwa nayo miaka sasa, na aliianza kwa mapenzi.

Wote wawili walikuwa watu wa muziki, mume wa kinubi, mke wa sauti. Usifikirie adungu, kile kinubi cha Waluri, wala kile cha watu wa Kabaka. Hiki kilikuwa cha Kizungu, cha kusimama sakafuni na kuegemea bega la mpigaji. Hakikuwa kile kikubwa kabisa chenye kanyagio. Kilikuwa ndugu yake mdogo, cha kumfika mtu kifuani. Mushagalusa alifundishwa na mtawa mmoja wa Kibelgiji huko Bukavu, katika shule ya misheni. Vita vilipokuja mtawa alirudi kwao, kinubi kikabaki kwa mwanafunzi. Kikavuka mpaka juu ya lori la maharage, kimeviringishwa mablanketi, na kila kizuizini askari walitaka kifunguliwe wahakikishe si silaha. Lamwaka alikuwa binti wa sajini, Mwacholi aliyezaliwa na kulelewa kambini, na sauti yake ilikulia kanisani mpaka ikawapita wanakwaya wenzake wote. Walikutana kwenye harusi moja ya Ntinda. Mushagalusa alikuwa ameketishwa nyuma ya meza ya chakula, anapiga nyimbo za kale za Ulaya na hakuna anayemsikiliza. Lamwaka akaja na sahani yake, akasimama.

"Hiki kinaimba, au kinaomba pilau?"

"Kinaomba mtu wa kuimba nacho," Mushagalusa alijibu, na mpaka leo hajui ujasiri ule aliutoa wapi. Lamwaka akaweka sahani, akaimba.

Mushagalusa hakujua Kiacholi na Lamwaka hakujua Kishi, lugha ya kwao mume. Wakaoana kwa Kiswahili, mke na kile cha kambini, kifupi, cha amri, mume na kile cha Bukavu cha kuvutavuta maneno, kila mmoja akimcheka mwenzake. Wakamzaa Anena, ambaye siku hizi ana mji wake Gulu. Wenyewe walikaa Kibuli, nyumba ya uani kwa Hajati Maimunah, mjane wa ukoo wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Wakaishi kwa harusi, mahafali na chai za mchana za mahotelini, mwanamke amesimama, mwanamume amekumbatia kinubi.

Lamwaka hakusoma noti. Wimbo aliushika kwa kusikia, na mahali pa kuanzia alipajua kwa kutazama vidole vya mume wake. Katika kinubi nyuzi nyekundu ni za do na nyeusi ni za fa, basi yeye alitazama kidole kimegusa uzi gani, akavuta pumzi, akaingia. Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa Kifaransa, wa mtu anayeiambia chemchemi siri zake, nao ulianzia uzi mwekundu wa katikati. Karibu na mwisho ulikuwa na noti moja ya juu kabisa, inayotaka kuachiwa kama mtu anavyoachia ndege kiganjani.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, Lamwaka akapata kikohozi cha wiki nyingi. Alipopona wakajaribu wimbo wa chemchemi, na noti ile ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Alikaa kitandani akatazama ukuta.

"Siku noti hii ikinikataa mbele ya watu," alisema, "nafunga mdomo. Siimbi tena. Hata kumbembeleza mjukuu."

Mushagalusa alimjua mke wake. Binti wa sajini hasemi neno kwa kupitisha muda. Alimwona amefunga mdomo, nyumba kimya, mwanamke anapepeta mchele pasipo hata kuguna wimbo, na picha hiyo hakuiweza. Kuushusha wimbo kwa kubadilisha vidole hakukuwezekana, maana Lamwaka angeona wimbo umehama uzi mwekundu. Uongo ilibidi ukae kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, juu kule ambako hakuna anayetazama. Kesho yake mke alipokwenda kuoga, mume alilegeza nyuzi za wimbo ule kidogo, wimbo mzima ukashuka, na jioni Lamwaka akaifikia noti ile, akaipita, akatabasamu. Mushagalusa akala ugali siku hiyo kama kijana.

Lakini hakuishia hapo. Kila baada ya miezi alisikia sauti ya mke wake inapoteza ule mng'ao, inakuwa nzito kama nguo iliyoloa, akajisemea, umri huo, akalegeza tena kidogo. Kile chuma cha ncha mbili cha kupatia sauti sahihi alikizika ndani ya sanduku chini ya nguo. Lamwaka akiuliza mbona kinubi kimepoa, alimjibu, "Mvua, Mama Anena. Nyuzi zinakunywa maji." Naye Lamwaka alimtazama kitambo, kisha akasema, "Haya."

Sasa, siku moja alikuja Docus. Docus alifundisha muziki huko Kyambogo, mwanamke mchangamfu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka barabarani mpaka uani kwa Hajati.

"Mzee, mama, nawaombeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema hata chai haijamiminwa. "Tuna ukumbi, tuna watu, na tuna piano mpya. Wimbo wenu ule wa chemchemi nimeuandikia piano. Kinubi, sauti, na mimi kwa nyuma pole pole. Kale, mnakubali?"

Mushagalusa akageuka akatazama kinubi. Piano haina mvua. Piano haipoi. Piano ikigongwa itasema ukweli wote palepale mbele ya ukumbi.

"Piano itatufunika," alisema. "Kinubi ni kitu cha haya."

"Nitapiga kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya mgonjwa."

"Na njia ya Kyambogo siku hizi ni vumbi tupu. Nyuzi hazipendi vumbi."

"Mzee, mwezi uliopita nyuzi hazikupenda mvua," Lamwaka alisema, na akamgeukia Docus. "Tutakuja."

Alisema haraka, kwa sauti ya kambini, kisha akamtazama mume wake kwa jicho la huruma ambalo Mushagalusa hakulielewa hata kidogo. Alilichukua akalihesabu katika mambo ya wanawake.

Siku ya pili alisingizia kwenda kutafuta nailoni ya wavuvi, ile aliyokuwa akiifunga mahali pa nyuzi zilizokatika, akaenda Kyambogo. Akamkuta Docus peke yake darasani, akamweleza yote, huku anatazama viatu vyake.

Docus hakucheka. Aliinua mfuniko wa piano. "Niimbie mahali kinubi chako kilipo. Ule uzi mwekundu."

Mushagalusa akaguna. Docus akagonga kitufe, akatikisa kichwa, akagonga cha jirani yake, akatikisa tena.

"Ungekuwa umeshuka hatua kamili, ningeshuka nawe, wala mama asingejua. Lakini mzee, wewe umesimama mlangoni. Hauko ndani, hauko nje. Panda ufike hapa, au shuka ufike pale. Katikati hapo piano haina kitufe."

"Nitashuka," Mushagalusa alisema.

"Ukishuka ni chini sana, mzee. Mama ataweza huko?"

"Kushuka anaweza. Ni kupanda ndiko kunakomshinda."

Akarudi Kibuli kifua kimefunguka. Kilichobaki kilikuwa kazi ya Lamwaka kuoga mara mbili tatu tu, na baada ya hapo piano na kinubi vingekutana huko chini, Lamwaka angeimba, watu wangepiga makofi, na neno lake lile la kufunga mdomo lingelala usingizi.

Siku aliyopanga kumaliza, Lamwaka alichukua kanga na sabuni akaenda. Maji yakaanza kumwagika. Mushagalusa akasimama juu ya kigoda, akaweka ufunguo kwenye kigingi, akalegeza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika nyuzi za katikati alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio la kulia likiwa karibu kabisa na uzi. Hakujua kwamba maji ya bomba yalikuwa yamekatika, kama yanavyokatika Kibuli kila yakijisikia. Alipogeuka, Lamwaka alikuwa mlangoni, kanga kifuani, povu shingoni.

"Unafanya nini, mzee?"

"Mvua. Zimelegea, nazirudisha."

"Jua hili linawaka nje?"

"Mvua ya juzi."

"Na unazirudisha kwa kuzilegeza?"

Mushagalusa akashuka kigodani. Alitafuta uongo mwingine, akakuta ghala tupu. Basi akasema. Akasema tangu kikohozi, tangu ile siku ya kutazama ukuta, ufunguo, bafu, chuma kilichozikwa sandukuni, Docus na hatua zake. Alimaliza akiwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kinubi.

Lamwaka alijifuta povu kwa pembe ya kanga.

"Mimi nilifikiri ni masikio," alisema.

"Masikio ya nani?"

"Yako."

"Yangu yamefanya nini?"

"Baba Anena, mimi Jumapili naimba na kinanda cha umeme kule kanisani Ntinda. Wewe uko kwenye misa yako, hujawahi kuja. Wimbo huu wa chemchemi akina mama wa kwaya huniomba baada ya ibada, nawaimbia mahali pake pa zamani. Nikirudi nyumbani nakuta kinubi kimeshuka mpaka chini ya kitanda. Nikasema, yale mabomu ya Bukavu yamemfikia sasa. Masikio ya mzee yanakufa, anakaza nyuzi anafikiri zimefika, kumbe bado. Ningekuambiaje? Mpiga kinubi uambiwe wewe ni kiziwi? Nikasema, anashuka, wacha nimfuate. Nisimwache huko chini peke yake."

"Lakini sauti yako ilikuwa inachoka. Niliisikia."

"Inachoka kwa sababu umenizika. Mimi ni mwanamke, siyo ng'ombe."

Mushagalusa alitaka kucheka, lakini aliona macho ya mke wake yamejaa maji, na hayakuwa ya kuoga.

"Uliona nimekwisha," Lamwaka alisema. "Miaka yote hiyo unanitazama naimba, unasema moyoni, masikini, huyu amekwisha."

"Na wewe uliona nimekuwa kiziwi."

"Mimi nilinyamaza tu. Wewe ulikuwa na ufunguo."

Sauti zilikuwa zimepanda bila wao kujua, na kutoka nyumba ya mbele Hajati Maimunah akaita, "Huko nyuma mnapigana au mnaimba? Nijue nitoke na fimbo au nitoke na kiti."

"Njoo na maji, Hajati," Lamwaka alimjibu. "Nina povu mpaka masikioni."

"Binti wa kambi, sajini hakukufundisha kuoga bila maji?"

Hajati akaleta jagi, akamwagia Lamwaka mabegani palepale kizingitini, akamtazama Mushagalusa aliyekaa chini, akaondoka bila kuuliza. Alipokwenda zake, Lamwaka alivaa, akafungua sanduku, akapekua nguo, akatoa kile chuma.

"Kirudishe kinubi mahali pake," alisema. "Pale pa ukweli. Mimi siimbi tena kwenye shimo nililochimbiwa."

Wakakaa kazini mchana wote. Mushagalusa alikigonga chuma gotini, akakishikiza kwenye mbao za kinubi, akakaza. Uzi mmoja ulikatika, akafunga nailoni. Nyuzi nene zikapanda, za katikati zikapanda, na nyumba ikaanza kuwa na mwanga ambao alikuwa ameusahau. Akafika zile fupi za juu. Akakaza wa kwanza, akaupiga, akasogea unaofuata.

"Huo bado," Lamwaka alisema kutoka kitandani.

"Umefika."

"Bado, mzee. Uko chini."

Akaupiga tena. Akauinamia kwa sikio la kulia, halafu la kushoto. Alisikia ukucha unavyogusa nailoni. Akapiga kwa nguvu zaidi, akasikia ukucha kwa nguvu zaidi. Sauti yenyewe haikuwapo. Akajaribu wa jirani yake, na ule mwingine, juu hadi mwisho, na kote akakuta kucha zake tu. Miaka mingapi alikuwa anazipiga nyuzi hizo kwa mazoea, vidole vinajua njia, na yeye anadhani anasikia?

Lamwaka alikuja akasimama nyuma yake, akaweka mkono begani pake.

"Kaza kidogo. Kidogo tena. Hapo. Unaofuata."

Walipomaliza alisema, "Sasa zamu yangu," akaimba wimbo wa chemchemi mahali pake pa zamani. Kwenye noti ya juu sauti ilipasuka. Akarudia, ikafika, nyembamba lakini nzima. Akarudia mara nyingine, ikatetemeka, nusura ianguke, ikasimama. Kwa hiyo naye akajua kwamba peke yake haifikii. Kule kanisani akina mama wa kwaya walikuwa wakimwimbia kwa nyuma na kumbeba pale juu, na hakuwa amegundua.

"Tumwambie Docus apige chini," Mushagalusa alisema.

"Hapana. Nataka kusimama pale juu mwenyewe nione."

"Na ikikataa? Ulisema utafunga mdomo."

"Nilisema," Lamwaka alijibu, akaenda kuwasha jiko.

Jumamosi wakapanda bodaboda mbili, Mushagalusa amekumbatia kinubi kwenye mablanketi, Lamwaka nyuma amebeba viatu vyake vya jukwaani. Ukumbi ulijaa: wanafunzi, walimu, watoto wenye vitenge vipya. Hajati Maimunah alikuwa amekuja na kukaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni. Docus akakaa kwenye piano. Mushagalusa akaegemeza kinubi begani, na Lamwaka, ambaye miaka yote alisimama mbele karibu na watu na kugeuza kichwa kutazama vidole, siku hiyo alikuja kusimama ubavuni kwa mume wake, upande wa kulia.

Kidole kikagusa uzi mwekundu. Lamwaka akaingia.

Wimbo ulikwenda vizuri. Piano ilitembea kama ilivyoahidiwa, kinubi kilimwagika juu yake, na sauti ya Lamwaka ilikuwa na ule mng'ao wa harusi ya Ntinda, kiasi kwamba Mushagalusa alisahau kuogopa. Wakafika karibu na mwisho. Akamsikia anavuta pumzi. Sauti ikapanda, ikapanda, ikagusa noti, ikapasuka.

Haikuwa kelele. Ilikuwa mpasuko mdogo, kama kikombe kinachoguswa na maji ya moto, halafu kimya. Lamwaka alikuwa amefunga mdomo. Piano ilikwenda hatua chache, ikasimama. Mstari wa nyuma mtu akakohoa. Mushagalusa alikuwa na mikono hewani mbele ya nyuzi, na alimtazama mke wake kama alivyomtazama siku ile ya ukuta. Safari hii hapakuwa na bafu, hapakuwa na maji ya kumfichia, na mkono wake haukwenda mfukoni. Alingoja tu. Alijua kwamba akisogea yeye kwanza, atakuwa amemwamulia tena.

Watu wachache wakaanza kupiga makofi, ya huruma, yale yanayouma kuliko matusi.

Lamwaka akainua mkono, makofi yakanyamaza. Akamgeukia mume wake.

"Mzee," alisema, si kwa kunong'ona, ukumbi mzima ukasikia. "Nishushie."

"Kiasi gani?"

"Nitakuambia."

Docus aliondoa mikono kwenye piano akaiweka mapajani. Mushagalusa akatoa ufunguo, akasimama, na mbele ya watu wote akaanza kulegeza, nyuzi za wimbo ule tu. Ilichukua muda. Mwanafunzi mmoja akacheka, mwenzake akamgusa kwa kiwiko. Hajati Maimunah alikunja mikono akajipanga vizuri kitini, kwa namna ya kuwaambia walio nyuma yake kwamba hakuna anayekwenda popote. Nyuzi nene Mushagalusa alizimaliza mwenyewe. Lamwaka alikuwa akiguna taratibu noti yake mpya, na yeye akiifuata. Alipofika zile fupi za juu aliacha kuinamisha kichwa. Akapiga na kumtazama mke wake, badala ya uzi.

"Juu," Lamwaka alisema. "Chini. Basi. Wa jirani."

Mtu aliyekaa ukumbini hakuwa na haja ya kuelezwa. Mwanamume hasikii, mwanamke hafiki, na wote wawili wako pale juu wanafanya kazi. Kimya kilikuwa kimebadilika. Hata watoto walikuwa wanautazama ule ufunguo.

Ukabaki uzi mmoja, mfupi kuliko yote. Mushagalusa akaupiga, akasikia ukucha wake. Lamwaka akatikisa kichwa, bado. Akalegeza kiasi cha unywele mmoja. Bado. Akalegeza tena, akapiga, akamtazama. "Hapo," Lamwaka alisema, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na Mushagalusa akaketi haraka, akaegemeza kinubi begani, kidole kikagusa uzi mwekundu.